Kimai na Mahali pa Msikilizaji: Tafakuri ya Kihistoria kuhusu Nyimbo za Uvuvi na Bahari

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili hukutana mapema na istilahi kimai. Katika uainishaji wa nyimbo unaofundishwa vyuoni mwetu, ukiwamo ule wa Mulokozi, kimai hutajwa sambamba na wawe, tumbuizo, bembea na nyimbo nyinginezo, na hufasiliwa kuwa wimbo unaohusu shughuli za baharini, hususan uvuvi na usafiri wa majini. Fasili yenyewe huwa ya sentensi moja au mbili, kisha mjadala ukahamia kwingine. Mwanafunzi akitaka mifano hupata michache, na baadhi ya hiyo ni mashairi au nyimbo za taarabu zinazotaja chombo, mawimbi na nahodha. Wakulima wana wawe wao, watoto wana bembea zao. Wavuvi, ambao kazi yao ni miongoni mwa kazi kongwe kabisa za pwani, wana jina la utanzu lakini hawana mkusanyo.

Makala haya yanajiuliza ni kwa nini imekuwa hivyo. Hoja yake ni kwamba uchache wa kimai katika maandishi hautokani na ukimya wa wavuvi, bali na mahali alipokuwa ameketi mwandishi. Pale mwandishi alipopanda chomboni, nyimbo ziliingia katika kumbukumbu. Pale alipobaki barazani, msikitini, misheni au studioni, kilichomfikia ni bahari kama sitiari. Matokeo yake ni kwamba bahari ya washairi imechukuliwa kuwa ndiyo bahari ya wavuvi, ilhali hizo ni bahari mbili.

Kazi kwanza, wimbo baadaye

Kabla ya kuitazama historia hiyo inafaa kueleza kimai hufanya kazi gani. Shughuli za baharini hazifanani, wala nyimbo zake hazifanani. Kutweka tanga la jahazi ni kazi ya watu wengi: foromali ni nzito, na henza haina budi kuvutwa kwa pamoja, mvuto mmoja baada ya mwingine. Kukokota juya ni kazi ya mwendo wa polepole, makundi mawili yakivuta pande mbili za wavu kuelekea ufukweni. Kushua chombo, au kukipandisha pwani juu ya magogo, hudai nguvu ya ghafla kisha pumziko. Kupiga kafi kuna mdundo usiokatika. Mvuvi wa mshipi, naye, hukaa peke yake usiku katika mtumbwi akisubiri samaki aguse chambo. Akiimba, huimba kwa sauti ya chini ya kujiliwaza, si ya kuhimiza wengine.

Katika kazi za kundi, umbo la wimbo hutokana na umbo la kazi. Kiongozi hutoa kauli fupi, wengine huitikia, na mvuto huangukia katika kiitikio. Maneno huweza kurudiwa mara nyingi, au kubadilishwa papo hapo ili kumtania mvivu, kumsifu nahodha au kulalamikia ujira. Jambo la msingi ni kwamba wimbo hauishi pale beti zinapokwisha, bali pale kazi inapokwisha. Tanga likishatwekwa, kimai kimekamilika, hata kama kauli imekatwa katikati.

Sifa hiyo ndiyo iliyokiponza kimai mbele ya wakusanyaji. Kikiandikwa karatasini bila kamba, bila pumzi na bila waitikiaji, hubaki maneno machache yanayojirudia, yasiyo na vina kamili wala mizani inayohesabika. Msomi aliyezoea shairi la mizani kumi na sita angeweza kukiona kuwa ni kelele za kazi tu. Lakini kwa wanaovuta, wimbo upendwao si ule wenye maneno mazuri zaidi. Ni ule unaoifanya kamba iwe nyepesi.

Neno harambee ni kielelezo kizuri. Asili yake inabishaniwa, na wapo wanaoihusisha na vibarua wa Kihindi waliojenga reli. Visivyo na ubishi mkubwa ni kwamba pwani lilijulikana kama mwito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja, na kwamba Jomo Kenyatta alilifanya kuwa wito wa taifa la Kenya mwaka 1963. Hivi leo limo katika nembo ya nchi hiyo. Wachache wanaolisoma hapo hukumbuka kwamba lilikuwa kiitikio cha kazi. Neno moja la wavutaji limepata heshima ya dola, lakini nyimbo zilizolizunguka hazikupata hata daftari.

Ushahidi wa kale

Uvuvi wa pwani hii una ushahidi wa muda mrefu. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unaeleza juu ya kisiwa cha Menouthias, ambako watu walikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo, wakivua samaki na kasa, na wakitega vikapu vya kusuka mahali maji yanapopita. Anayelijua dema la wavuvi wa leo hatashindwa kuutambua mtego huo. Hata hivyo mwandishi wake alikuwa mtu wa bidhaa na bandari. Alitaja zana, hakutaja sauti.

Sauti inasikika karne nyingi baadaye kwa Al-Masudi, mwanahistoria na msafiri wa Baghdad aliyefariki mwaka 956. Yeye aliivuka Bahari ya Zanji kwa chombo, na anasema kwamba safari yake ya mwisho kutoka Kanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917 Miladia. Katika kitabu chake Muruj al-Dhahab anaeleza jinsi mawimbi ya huko yalivyo makubwa kama milima, kisha ananukuu maneno ambayo mabaharia wa Oman waliyaghani walipokuwa katikati ya mawimbi hayo. Wimbo wao ulizitaja Berbera na Jafuni, ambayo ni Rasi Hafun ya leo, pamoja na wazimu wa mawimbi ya sehemu hizo.

Ushahidi huu una mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, wimbo ni wa Kiarabu na waimbaji ni Waomani, hivyo hauwezi kudaiwa kuwa kimai cha Kiswahili. Pili, unathibitisha kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita kuimba kulikuwa sehemu ya kazi katika njia ya bahari iliyofika pwani yetu, na kwamba majina ya mahali pa hatari yaliingizwa nyimboni, jambo linalomsaidia baharia kuyakumbuka. Tatu, na hili ndilo linalohusu hoja yetu, wimbo huo ulihifadhiwa na mtu aliyekuwamo safarini.

Wakusanyaji wa barazani

Karne ya 19 ilileta wakusanyaji wa aina nyingine. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Unguja, alichapisha Swahili Tales mwaka 1870. W. E. Taylor alikusanya methali Mombasa na kuzichapisha mwaka 1891. Kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua Abdallah al-Batawi, alikusanya pia mashairi ya Muyaka bin Haji, ambayo William Hichens aliyahariri na kuyatoa mwaka 1940. Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli mwaka 1903, kitabu ambacho sehemu yake kubwa inatokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na ambacho kina habari nyingi za ngoma na sherehe pamoja na nyimbo zake.

Hatuna haki ya kuwalaumu wazee hawa. Bila wao tusingekuwa na sehemu kubwa ya urithi tunaoufundisha. Lakini yafaa kuangalia walipokuwa na walizungumza na nani. Watoa habari wao walikuwa walimu, wanavyuoni, wasimulizi na watu wa mjini, wengi wao wakijua kuandika kwa hati ya Kiarabu. Kilichothaminiwa ni kilichoweza kuandikwa, kusomwa na kufasiriwa mezani: hadithi, methali, shairi, utenzi. Ngoma iliingia kwa sababu huchezwa nchi kavu, mbele ya watazamaji. Kimai hakina mtazamaji. Anayekisikia kwa ukaribu ni yule ambaye mikono yake imo kambani.

Muyaka mwenyewe anatuonyesha tofauti hiyo. Mapokeo yanamtaja kuwa mfanyabiashara aliyeijua bahari, na lugha ya mashairi yake imejaa elimu ya vyombo na pepo. Lakini alipoitaja bahari mara nyingi alikusudia Mombasa, siasa za Wamazrui na mvutano wao na Busaidi, au mapenzi na maisha ya mtu. Msikilizaji wake alitakiwa kufumbua. Mwitikiaji wa kimai hatakiwi kufumbua lolote, anatakiwa kuvuta. Kuziweka tungo hizi mbili katika fungu moja kwa sababu zote zinataja tanga ni sawa na kuliita kila shairi linalotaja jembe wawe.

Studio, jahazi na mvuvi mshairi

Karne ya 20 ilileta santuri. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, kijiji cha pwani ya Unguja, alivuka bahari na wenzake mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, na sauti yake ikaenea Afrika Mashariki nzima. Taarabu ikapata chombo cha kuihifadhi. Kazi ya baharini haikuweza kupelekwa studioni, na kwa hiyo tofauti iliyoanzishwa na kalamu ikazidishwa na mashine.

Miaka kumi baadaye, Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden na kusafiri nalo kwa upepo wa kaskazi hadi Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji, ambako vyombo vya Ghuba vilifuata boriti. Kitabu chake Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940, kinaeleza mara kwa mara jinsi mabaharia walivyoimba wakati wa kutweka tanga na wakati wa kuingia bandarini. Kwa mara nyingine tunaiona kanuni ile ile: shahidi alikuwa sitahani, na nyimbo zikaingia kitabuni. Lakini waliosikilizwa walikuwa tena mabaharia wa Kiarabu. Leo fijiri, uimbaji wa wazamia lulu wa Bahrain, umo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu mwaka 2021. Wavuvi wa Kojani, Tumbatu, Pate na Vanga hawakupata Villiers wao.

Walipata, hata hivyo, mmoja wao. Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, alifanya kazi ya uvuvi na ubaharia kabla ya kujulikana kama mshairi. Diwani yake Kimbunga ilichapishwa na TUKI mwaka 1994. Katika ushairi wake dhoruba ni sitiari, kama ilivyo kwa Muyaka. Lakini mtu huyu alikuwa ameishi katika bahari zote mbili, ya kamba na ya kalamu. Inafaa kukiri kwamba tulimsoma zaidi kama mshairi wa mafumbo kuliko tulivyomuuliza kama mvuvi aliyejua nini kiliimbwa chomboni.

Injini, nyavu na sheria

Swali hili lina haraka yake. Wimbo unaoishi ndani ya kazi hufa pamoja na kazi hiyo. Injini ya mashua haihitaji waitikiaji, na ngurumo yake haiwaachi wasikilizane. Nyavu za nailoni ni nyepesi kuliko zile za zamani. Juya la kukokota ufukweni limepigwa marufuku na sheria za uvuvi za Kenya na za Tanzania Bara, kwa sababu ya msingi kabisa: hukusanya samaki wachanga na kuharibu mazalia. Mtafiti wa fasihi hawezi kutetea zana inayomaliza samaki ili apate kuokoa kiitikio. Anachoweza kufanya ni kuwahi kukinasa, huku wale waliokiimba wakiwa hai.

Bado kazi haijakwisha. Ngalawa na madau ya tanga yangalipo, na wavuvi wangali wanakwenda dago, wakiishi kambini kwa majuma mbali na vijiji vyao. Wanawake wangali wanatanda dagaa kwa vitambaa na kuchokoa pweza miambani maji yanapokupwa, kazi ambayo fasili zetu za kimai, kwa kuwataja mabaharia na wavuvi wa vyomboni, huisahau.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaelekeza kwenye mapendekezo mawili. La kwanza ni la fasili. Kimai kifasiliwe kwa kazi yake, si kwa mada yake: ni wimbo unaoimbwa ndani ya kazi ya baharini au ufukweni, ambao mdundo na urefu wake huamuliwa na kazi hiyo. Kwa fasili hii, wimbo wa kutweka tanga unaomzungumzia mchumba ni kimai, na shairi la dhoruba linalosomwa ukumbini si kimai, hata likiwa bora namna gani. La pili ni la mbinu. Mtafiti arekodi kazi pamoja na wimbo: nani anavuta, kamba gani, upepo gani, bamvua au maji mafu, na nini kilikatisha uimbaji. Kumwomba mvuvi mzee aimbe akiwa amekaa kitini ni kurudia, kwa kifaa kipya, kosa la karne ya 19.

Al-Masudi hakuwa mtaalamu wa fasihi simulizi. Alikuwa abiria katika bahari iliyochafuka, akasikia wenziwe wakighani, akaandika. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, kimai cha Kiswahili bado kinamngoja abiria wa namna hiyo.