Tembe, Kibanda na Sebule: Historia ya Mahali pa Kutazamia Filamu Singida

Historia ya filamu majumbani kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mashine, kuanzia projekta ya kuzungushwa kwa mkono hadi runinga bapa ya leo, lakini katika mkoa wa Singida, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Tanzania ya kati, historia hiyo hueleweka vizuri zaidi ikianzia kwenye kuta, paa, giza na wingi wa watu waliokaa pamoja. Anayekusudia kutenga chumba kimoja cha nyumba yake kiwe cha kutazamia filamu tu hurithi, ajue asijue, majaribio ya karibu miaka 90 ambayo kila hatua yake ilitatua tatizo moja na kupoteza faida fulani iliyokuwapo kabla yake.

Sinema ya nyumbani ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1922 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa projekta ndogo iliyokusudiwa familia, na mwaka 1923 kampuni ya Kodak ya Marekani ikatoa filamu ya upana wa milimita 16, iliyotengenezwa kwa mkanda usioshika moto kwa urahisi kama ule wa milimita 35 uliotumika katika majumba makubwa ya sinema. Mkanda huo uliobuniwa kwa ajili ya sebule za matajiri ndio uliofaa kubebwa kwa lori katika barabara za vumbi za Afrika. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa majaribio ya filamu za elimu, uliosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni kwa fedha za Shirika la Carnegie na kuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za milimita 16 ambazo sauti yake ilipigwa kutoka kwenye sahani za santuri, kisha ukazizungusha kwa gari lenye projekta na jenereta katika Tanganyika na nchi jirani. Utaratibu huo wa gari la sinema uliendelezwa na serikali ya kikoloni na baadaye na serikali ya uhuru. Katika miaka ya 1950 filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambayo Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa baadaye, aliigiza kama mhusika mkuu, zilikuwa miongoni mwa filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji Waafrika.

Kwa wanakijiji wa Iramba, Manyoni na nchi ya Wanyaturu, mahali pa kutazamia filamu palikuwa uwanja wazi wenye shuka jeupe lililotundikwa kati ya nguzo mbili. Uwanja una sifa moja ambayo wajenzi wa vyumba hutumia fedha nyingi kuitafuta, nayo ni kwamba hauna mwangwi, kwa kuwa sauti inayotoka kwenye spika haikutani na ukuta wa kuirudisha, hivyo maneno husikika kama yalivyotamkwa. Lakini uwanja huo huo ulisubiri jua lizame ndipo picha ionekane, haukufaa wakati wa mvua, na katika nyanda za Singida, ambazo upepo wake unajulikana nchi nzima, shuka lilipepea na picha ikajikunja pamoja nalo. Waliokosa nafasi mbele walikaa nyuma ya shuka na kuiona filamu ile ile imegeuzwa, kulia kukawa kushoto.

Hatua iliyofuata ilichelewa kwa sababu za kisera. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara serikali ilitegemea redio na kuzuia uingizaji wa runinga, na hata baada ya biashara kulegezwa kuanzia 1984 kituo cha televisheni hakikupatikana Bara hadi 1994, vituo kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Kati ya miaka hiyo miwili ndipo deki, yaani mashine ya kuchezesha mikanda ya video ya VHS iliyobuniwa Japani mwaka 1976, ilipojipatia nafasi yake. Runinga na deki vilikuwa ghali mno kwa familia moja, na mmiliki aliyetaka kurudisha mtaji wake alitafuta chumba, akaziba madirisha, akapanga mabenchi na kutoza kiingilio. Ndivyo kilivyozaliwa kibanda cha video, ambacho wananchi wamekiita kibanda umiza kwa sababu ya joto, msongamano na mabenchi yasiyo na egemeo.

Kibanda kinastahili heshima zaidi ya ile kinachopewa na wanaokiona kama uchochoro wa vijana watoro, kwa sababu ndicho chumba cha kwanza ambacho wananchi wa kawaida walikibuni wenyewe kwa ajili ya picha zitembeazo. Mwenye kibanda aliamua giza liwe la kiasi gani, skrini iwekwe juu kiasi gani ili kichwa cha aliye mbele kisimzibe aliye nyuma, na spika ielekezwe wapi. Ndani yake pia lilikua jambo ambalo hakuna mashine iliyolileta, yaani tafsiri ya papo kwa papo, ambapo mtafsiri aliyeshika kipaza sauti aliigeuza filamu ya Hong Kong, India au Marekani kuwa simulizi la Kiswahili lenye methali, utani na maelezo ya mtaani. Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ndiye aliyepata umaarufu mkubwa katika kazi hiyo nchini, na sauti yake iliyorekodiwa juu ya filamu ilisafiri pamoja na mikanda na baadaye sahani za DVD. Siku hizi vibanda vingi huishi kwa kuonyesha mechi za mpira wa miguu.

Ili kueleza kwa nini mtafsiri alisikika vizuri ndani ya chumba chenye kuta tupu na paa la bati, inafaa kurejea kazi ya Wallace Clement Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1895 aliombwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno yaliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde tano baada ya kutamkwa. Kwa kuhamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kupima mvumo huo usiku baada ya usiku, Sabine alionyesha kwamba muda wa sauti kuvuma hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu laini vinavyoinyonya, na kwamba mwili wa binadamu na nguo zake ni miongoni mwa vinyonyaji hivyo. Kibanda kilichojaa watu kilikuwa, kwa maana hiyo, kimetandikwa vinyonyaji kila upande, na umati ule ule uliosababisha joto ndio uliosafisha sauti.

Faida hiyo ilipotea filamu ilipohamia sebuleni. DVD iliyoingia sokoni Japani mwaka 1996, kisha vingʼamuzi na sabufa, yaani seti ya spika inayobeba jina la spika yake ya muungurumo mzito, viliiwezesha familia ya watu watano au sita kutazama bila kiingilio, na umeme wa vijijini unaosimamiwa na wakala ulioanza kazi 2007 ukapanua mduara wa nyumba hizo. Lakini sebule ya siku hizi ina sakafu ya vigae, kuta za saruji zilizopigwa rangi ya kungʼaa na madirisha mapana, hivyo watu wachache waliomo hawatoshi kunyonya sauti, na mchana mwanga hufifisha picha. Spika nazo hupangwa zote kwenye kabati la runinga, ilhali Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilishapendekeza katika miaka ya 1990 kwamba spika mbili za mbele zitengane kwa pembe ya nyuzi 30 kila upande wa mtazamaji, na zile za kumzunguka ziwe pembeni, nyuma kidogo ya masikio yake.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ujenzi wa asili wa Tanzania ya kati ulikuwa tayari umezipata sifa nyingi zinazotafutwa sasa. Tembe ni nyumba ya mstatili yenye paa bapa la udongo mzito uliotandazwa juu ya magogo na fito, na matundu madogo badala ya madirisha. Ukuta na paa zito huzuia sauti kuliko vile vyepesi, udongo usiolainishwa hauirudishi sauti kwa ukali kama kigae, na giza la ndani hupatikana bila pazia. Kampeni za makazi bora ziliitaja tembe kama alama ya umaskini, na kwa upande wa hewa, kunguni na uvujaji zilikuwa na hoja, ila bati lililochukua nafasi yake huifanya mvua ya Januari kunguruma kiasi cha kumeza mazungumzo yote ya filamu.

Mjenzi wa chumba maalumu anaweza basi kuchukua uzito kutoka kwenye tembe na giza kutoka kwenye kibanda. Chini ya bati hutakiwa dari nzito ya jipsamu yenye tabaka la sufi ya mawe, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa ambazo haziwaki moto. Vipimo vitatu vya chumba visilingane, kwani chumba cha mita 3 kila upande hukuza mno sauti ya mitetemo ipatayo 57 kwa sekunde, na sabufa hubaki ikivuma noti moja. Umbali nao hupimwa: runinga ya inchi 55, ambayo upana wake ni kama mita 1.2, hutaka mtazamaji akae mita 2.3 hivi mbele yake, na skrini ya projekta ya inchi 100 hutaka mita 4 na ushee. Zulia, mapazia mazito na viti vya kitambaa hushika nafasi ya umati uliobaki kibandani.

Hewa ndiyo iliyoshinda tembe na kibanda vilevile. Kila tundu linalopitisha hewa hupitisha pia sauti, na projekta huongeza joto juu ya lile la watu, hasa katika miezi ya Oktoba na Novemba kabla mvua hazijashika. Ufumbuzi uliokubalika kwa wajenzi wa studio ni njia ya hewa yenye kona mbili au tatu, iliyobandikwa ndani tabaka laini, ambamo hewa hupinda na kupita wakati sauti ikigonga kila kona na kunyonywa, na fremu yake ni kazi ambayo seremala wa Singida mjini anaimudu kwa mbao na misumari ya kawaida.