Ruta ya Zamani na Chumba cha Mwisho

Kampuni ya intaneti inapoleta ruta mpya, ile ya zamani huishia kabatini, mara nyingi ikiwa nzima kabisa. Wakati huohuo, katika nyumba ya matofali ya saruji, Wi-Fi inayovuma sebuleni hufika chumba cha mwisho ikiwa hoi. Ruta hiyo ya kabatini inaweza kukihudumia chumba hicho kwa sharti moja: iache kazi ya uruta.

Boksi hilo moja hubeba kazi tatu. Husimama mlangoni mwa mtandao wa nyumba na kutumia anwani moja ya nje kwa niaba ya simu, kompyuta na runinga zote. Hugawa anwani za ndani kwa kila kifaa kinachojiunga, kazi iitwayo DHCP. Kisha husambaza mawasiliano kwa waya na kwa mawimbi. Kazi mbili za kwanza zinataka mwenyewe mmoja tu nyumbani, ila usambazaji unaweza kufanywa na vifaa vingi.

Matatizo mengi huanzia hapo. Ukichomeka waya wa ruta mpya kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje) la ruta ya zamani, intaneti itapatikana, lakini utakuwa umejenga nyumba ndani ya nyumba: simu ya chumbani haitaiona printa ya sebuleni. Ukitumia tundu la LAN (la vifaa vya ndani) bila kuzima DHCP, ni vibaya zaidi. Wagawaji wawili watashindana, na baadhi ya vifaa vitaelekezwa kwenye mlango usiotoka nje. Simu itaonyesha imeunganishwa, na hakuna ukurasa utakaofunguka.

Kuna pia mgongano wa anwani. Tangu 1996 safu ya 192.168 imetengwa rasmi kwa mitandao ya ndani, na watengenezaji wengi huipa ruta yao 192.168.1.1. Ruta mbili zenye anwani hiyo haziwezi kuishi pamoja.

Kwa hiyo anza na ruta ya zamani peke yake, mbali na ile mpya. Bonyeza kitufe cha kuirudisha upya kwa sindano kwa takriban sekunde 10, iunganishe na kompyuta kwa waya, kisha fungua anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chake. Badilisha neno la siri la msimamizi. Ipe anwani nyingine ya safu ileile ya ruta mpya, kwa mfano 192.168.1.2, ambayo ruta mpya haiigawi kwa vifaa vingine. Ingia tena kwa anwani hiyo, weka jina na neno la siri la Wi-Fi, na mwisho kabisa zima DHCP. Sasa waya utoke LAN ya ruta mpya uingie LAN ya ruta ya zamani. Tundu la WAN libaki tupu.

Waya huo unaweza kufika mita 100. Matundu ya ruta nyingi za zamani hukomea megabiti 100 kwa sekunde, kiwango kinachomtosha mwenye kifurushi cha megabiti 20 au 40. Baadhi ya ruta huweza kurudufu mawimbi bila waya, lakini redio moja ikipokea na kutuma kwa zamu, kasi hushuka karibu nusu. Mimi ningetoboa ukuta nipitishe waya. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, ruta moja iwe chaneli ya 1 na nyingine ya 6 au 11, zisiingiliane.

Usalama usipuuzwe. Chagua ulinzi wa Wi-Fi uitwao WPA2, ulioanza 2004. Ulinzi wa zamani, WEP, ulivunjwa tangu 2001, na leo mtu aliye nje ya dirisha huufungua kwa dakika chache. Ruta isiyojua zaidi ya WEP izimwe mawimbi yake, ibaki kuwa swichi ya waya kwa ajili ya runinga na kompyuta ya mezani.