Kenyatta Kwenye Jukwaa la New York

Wauza vitabu vya mitumba wa Barabara ya Tom Mboya, Nairobi, hawazithamini sana tamthilia za Marekani. Ni vijitabu vyembamba, na kurasa za mwisho zimejaa orodha ya viti, chupa na nguo za kuigizia pamoja na mchoro wa jukwaa. Kampuni kama Samuel French zilivichapa kwa ajili ya vikundi vya maigizo. Ndiyo maana nilivipata kwa shilingi chache miaka yote niliyofundisha fasihi. Sasa nimestaafu, na ninavisoma upya. Arthur Miller na August Wilson bado wananipendeza, lakini kazi iliyonikalisha chini ni A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, ambayo ninayo katika matoleo mawili.

Ilianza kuonyeshwa Broadway tarehe 11 Machi 1959. Kabla ya hapo hakuna mwanamke mweusi ambaye tamthilia yake ilikuwa imefika huko. Mwongozaji alikuwa Lloyd Richards, yuleyule aliyekuja kumfikisha August Wilson Broadway mwaka 1984.

Familia ya Younger imebanana katika nyumba ya kupanga, South Side ya Chicago. Baba amefariki, na bima inalipa dola 10,000. Mama Lena anatoa dola 3,500 kama malipo ya kwanza ya nyumba katika mtaa wa wazungu. Mwanawe Walter, dereva wa tajiri, anataka kufungua duka la pombe, na fedha zilizobaki zinaishia mikononi mwa tapeli. Naye mzungu mmoja anabisha hodi, akiwa tayari kuwalipa ili wasihamie mtaani kwao.

Hansberry aliyajua haya tangu utotoni. Mwaka 1937 baba yake, Carl, alinunua nyumba katika eneo la wazungu Chicago, na umati ukaishambulia. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda mwaka 1940, lakini kwa hoja ya utaratibu tu. Mikataba ya kuwazuia weusi kununua nyumba ilipokonywa nguvu na mahakama hiyo mwaka 1948.

Halafu tumo na sisi Wakenya. Walter anarudi nyumbani amelewa, anamkuta dada yake Beneatha amevaa vazi la Nigeria, anapanda mezani kama jemadari na kumtaja Kenyatta kuwa mtu wake. Usiku wa kwanza wa onyesho hilo, Kenyatta alikuwa mfungwa Lokitaung, Turkana. Hansberry hakuliokota jina hilo njiani: mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi katika gazeti la mwimbaji na mwanaharakati Paul Robeson huko Harlem, akaandika kuhusu Kenya. Na Sidney Poitier, aliyemwigiza Walter, mwaka huohuo wa 1959 alikuwa miongoni mwa waliotia saini barua ya kuchangisha fedha za kuwasafirisha wanafunzi wetu kwenda kusoma Marekani. Septemba, ndege ya kwanza ya mpango huo, ulioongozwa na mwanasiasa Tom Mboya, iliwapeleka 81 huko.

Nikiyalinganisha matoleo yangu mawili, naona kilichofichwa. Maandishi ya 1959 yanafuata onyesho lililofupishwa kwa ajili ya Broadway. Yale ya miaka ya 1980 yamerudisha yaliyokatwa: Beneatha anaacha kunyoosha nywele zake, na jirani, Bi. Johnson, anakuja na gazeti lenye habari ya familia nyeusi iliyofukuzwa kwa bomu katika mtaa wa wazungu. Bila Bi. Johnson, familia inafunga virago na mtazamaji anadhani mambo yamekwisha vizuri. Akiwepo, tunajua kinachowasubiri. Mkato huo uliifanya historia ya Chicago ionekane laini kuliko ilivyokuwa, na kwangu toleo refu ndilo tamthilia yenyewe.

Hansberry alifariki Januari 1965, akiwa na miaka 34. Mwalimu au kiongozi wa kikundi anayetaka kuiweka kazi yake jukwaani aanze na orodha ya wahusika. Ikiwa Bi. Johnson hayumo, atafute nakala nyingine.