Gitaa Lisilo na Nyuzi

Lipo gitaa lililonunuliwa kwa mamilioni duniani, na halikuwa na uzi hata mmoja. Ni plastiki tupu. Shingoni lina vitufe vitano: kijani, nyekundu, njano, bluu na rangi ya chungwa. Pale ambapo mpiga gitaa hucharaza nyuzi, lenyewe lina kibao kidogo cha kusukuma juu na chini. Ukilichomoa kwenye mashine yake halitoi sauti yoyote, labda ulidondoshe. Gemu yenyewe inaitwa Guitar Hero, na wakubwa wengi wakisikia habari zake hucheka: "Mambo ya watoto hayo."

Mimi nasema, msomaji mwenzangu, tusicheke haraka. Tuitazame historia ya gemu hii kama tunavyotazama historia ya kitabu: ilitoka wapi, ilifanya jema gani, ilikosea wapi, na sisi vijana wa Bukoba na Muleba inatuhusu nini. Maana inatuhusu, tena sana.

Ilikotoka

Gemu za kufuata mapigo ya muziki zilipata jina kwanza Japani. Mwaka 1996 ilitoka PaRappa the Rapper, ya mbwa anayejifunza kughani. Mwaka 1999 kampuni ya Konami ikaweka kwenye kumbi za gemu GuitarFreaks, mashine yenye gitaa la vitufe vitatu. Huko Marekani nako, vijana wawili waliosoma MIT, Alex Rigopulos na Eran Egozy, walikuwa wameanzisha kampuni ya Harmonix mwaka 1995. Nia yao ilikuwa kumwezesha mtu asiyejua muziki aonje raha ya kuupiga. Walihangaika miaka kumi. Gemu zao mbili, Frequency ya 2001 na Amplitude ya 2003, zilisifiwa na wajuzi lakini sokoni hazikutikisa.

Novemba 2005, wakishirikiana na kampuni ya RedOctane, wakatoa Guitar Hero kwa ajili ya PlayStation 2. Gitaa lake waliliiga kwenye umbo la Gibson SG. Safari hii mambo yakawa moto. Mwaka 2006 Activision ikainunua RedOctane, MTV ikaichukua Harmonix, na ndugu wawili wakawa mahasimu: Harmonix wakatengeneza Rock Band mwaka 2007, na mwaka huohuo Guitar Hero III ikatoka kwa mafundi wengine, Neversoft. Januari 2009 Activision ilitangaza kwamba Guitar Hero III peke yake imeingiza zaidi ya dola bilioni 1. Si mchezo! Lakini Februari 2011 kampuni hiyohiyo ikakifunga kitengo cha Guitar Hero. Walikuwa wametoa matoleo mengi mno kwa muda mfupi, kila moja likitaka fedha mpya na plastiki mpya, na watu wakachoka.

Kwetu Bukoba iliingia kwa mlango wa nyuma. Niliikuta mwaka 2014 kwenye banda moja la gemu pale Kashai, nikiwa kidato cha pili. Huko ilikozaliwa ilikuwa imekwisha kuzikwa; kwetu ndiyo kwanza mpya. Palikuwa na PlayStation 2 iliyotumika, TV ya kichogo, na diski ya kunakili isiyo na jalada. Gitaa lenyewe halikuwepo. Tulicheza gemu ya gitaa kwa padi ileile ya kuchezea mpira, shilingi 200 kwa nyimbo mbili, na foleni ilifika mlangoni.

Sifa zake

Kazi ya mchezaji ni rahisi kueleza. Njia ndefu inashuka kwenye kioo, na juu yake vinakuja vitone vya rangi. Kitone kikifika mstarini unabonyeza rangi yake, papo hapo. Ukiwahi umekosa, ukichelewa umekosa. Ukipatia vitone kumi mfululizo alama zinazidishwa mara mbili, ishirini mara tatu, thelathini mara nne. Ukikosa sana, mshale wa kukupima unaanguka kwenye wekundu, watazamaji wanakuzomea, wimbo unakatika.

Sifa yake ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba inafundisha sikio. Walichofanya mafundi wale ni kulitenga gitaa na vyombo vingine. Ukikosa kitone, ngoma zinaendelea, mwimbaji anaendelea, ila gitaa linanyamaza. Unasikia tundu katikati ya wimbo, na tundu hilo ni wewe. Kabla ya hapo mimi nilikuwa nausikia muziki kama uji, kila kitu kimekorogwa pamoja. Baada ya miezi michache bandani nikaanza kusikia besi inakwenda huku, gitaa la pili linakwenda kule, solo inakuja juu yao. Nikarudi kwenye kanda za mama za Mbaraka Mwinshehe nikashangaa. Kumbe mle ndani mna watu wengi wanazungumza!

Sifa ya pili ni ngazi zake. Anayeanza anapewa vitufe vitatu tu. Akipanda anaongezewa cha nne, kisha cha tano, hadi kufikia ngazi ya mabingwa ambako vidole vinapishana kama sindano za cherehani. Wimbo ni uleule, ila kila ngazi inakufunulia sehemu iliyokuwa imefichwa. Walimu wangapi wa darasani wanaweza hivyo?

Sifa ya tatu: inamfanya msikilizaji atoe jasho. Aliyezoea kukaa na kusikia tu anaambiwa, inuka, kama wewe hupigi, hakuna wimbo.

Kasoro zake

Zipo ndogo na ipo kubwa. Ndogo ni kama hizi. Toleo la kwanza halikuwa na sehemu ya kufanyia mazoezi. Ukishindwa mwishoni mwa wimbo unarudi mwanzo kabisa. Ilibidi tusubiri toleo la pili la 2006 lilirekebishe hilo. Tena nyimbo kuu zote 30 za toleo la kwanza zilikuwa za kuigizwa, zimepigwa upya na watu wa kukodiwa. Mmojawapo ni Killer Queen wa kundi la Queen, wimbo wa mwaka 1974 uliotungwa na Freddie Mercury. Mtu huyu alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Basi katika nyimbo zote zile za Ulaya na Marekani, mtoto wa Unguja alikuwemo kwa utunzi wake, ila sauti inayosikika si yake.

Kasoro kubwa ni hii: gemu inakuadhibu ukiweka neno lako. Charaza pale ambapo hakuna kitone, hata kama pigo lako ni tamu, utasikia mlio mbaya na hesabu yako itarudi sifuri. Uhuru uliopewa ni wa kuitikisa tu sauti ndefu kwa kijiti, basi. Kweli, mwaka 2008 waliongeza chumba cha kutungia nyimbo zako, lakini kiliwekwa pembeni. Ndani ya wimbo wenyewe mlango ulibaki umefungwa.

Sasa ulinganishe na magitaa yetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, Kongo. Bosco alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, lakini unaposikiliza utadhani wako wawili. Wimbo wake Masanga aliurekodi zaidi ya mara moja, na hakuurudia vilevile. Mbaraka naye, ambaye mwaka 1970 alikwenda na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Osaka, hukohuko Japani, alisifika kwa solo zinazojibizana na uimbaji. Muziki wa dansi ni majibizano. Ukiyaondoa majibizano umebakiwa na saa ya ukutani.

Hata kabla ya gitaa tulikuwa na nanga. Kwa msomaji asiyeijua: ni ubao uliochongwa bonde kama sinia refu, na juu yake unapita uzi mmoja unaokwenda na kurudi mpaka inakuwa kama nyuzi saba au nane. Mpiga nanga wa Kihaya anapiga huku akisimulia utendi wa mashujaa na wafalme, na mkutano ukichangamka utendi unarefuka. Wakuu wa Ihangiro, ambayo leo ni Muleba, na wa Kiziba na Kianja walikuwa na wapiga nanga wao. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963 wasanii hao wakapoteza wafadhili wakubwa. Profesa Mulokozi alizikusanya tendi hizo na kuziandikia tasnifu mwaka 1986. Msanii mmoja mkubwa, Habibu Selemani, alipofariki mwaka 1993, Mulokozi aliandika habari zake akimwita wa mwisho wa malenga hao.

Kilichotokea Muleba

Binamu yangu ndiye aliyekuwa bingwa wa banda letu. Hapakuwa na wa kumgusa. Likizo ya Desemba tulikwenda Muleba kwa mjomba, ambaye ana galatoni la zamani. Uzi wake mmoja ulikatika akaweka waya wa breki ya baiskeli. Jioni moja binamu akamwambia, "Mjomba, na mimi nijaribu."

"Haya mwanangu, kaa."

Vidole vilimuuma, sauti zikawa za kukwaruza. Lakini mjomba alipomwonyesha pigo fupi la kurudiarudia, binamu alilishika kabla chai haijapoa, na hakukimbia wala kuburuza. Mjomba akatikisa kichwa. "Huyu anajua kungoja. Wengi ninaowafundisha hawajui." Hiyo ilitoka kwenye gemu, nami ni shahidi.

Kisha mjomba akaimba mstari mmoja wa Kihaya, akanyamaza, akamwinulia kidevu amjibu. Binamu akasimama vidole hewani.

"Sasa nipige ipi, mjomba?"

"Yako."

Hakuwa nayo. Alikaa anautazama mti wa gitaa kama anayesubiri rangi ishuke. Alitumia likizo nzima kupata jibu la sauti nne, akalipiga usiku wa kuamkia safari, na mjomba alicheka kwa furaha mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Babu yetu, baba yake mjomba, alipiga nanga. Hakuna aliyemrekodi. Mjomba anakumbuka vipande viwili tu vya nyimbo zake, vingine vimekwenda naye. Ningesema basi mashine ndiyo salama, lakini sivyo. Mwaka 2015 Activision waliirudisha gemu kwa jina la Guitar Hero Live, nyimbo nyingi zikiwa hazimo kwenye diski, unazipata kupitia intaneti. Tarehe 1 Desemba 2018 wakaizima huduma hiyo. Waliokuwa na mamia ya nyimbo wakabaki na 42 za kwenye diski. Wimbo ulio kichwani mwa mzee huondoka na mzee. Ulio kwenye mashine ya kampuni huondoka siku kampuni inapochoka.

Hukumu yangu

Guitar Hero ni mwalimu mzuri wa mwaka wa kwanza, na haina mwaka wa pili. Sisi tunaojifunza kuandika tunaijua hali hiyo. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa nanakili daftarini kurasa nzima za riwaya za Ben Mtobwa, neno kwa neno, ili mkono ujue mwendo wa sentensi. Ulinifaa sana unakili ule, nami sioni aibu kuutaja. Ila hakuna mchapishaji atakayenipokea kwa kunakili Mtobwa vizuri kuliko wengine.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kashai, wa Hamugembe, wa Kamachumu, ukiikuta gemu hii cheza, tena cheza mpaka ngazi ya juu. Halafu zima mashine umtafute mzee mwenye galatoni au nanga wakati bado yupo. Simu uliyonayo mfukoni inatosha kumrekodi. Na ukiisha kumrekodi usiishie hapo. Mjibu.