Safura, Homa na Maudhi: Historia Fupi ya Majina ya Dalili za Maradhi

Mgonjwa asemapo ana baridi yabisi, hutaja bila kujua nadharia ya tiba ya Wayunani iliyohifadhiwa na matabibu wa Kiarabu. Nadharia hiyo iliuona mwili kuwa watawaliwa na vimiminiko vinne, kila kimoja na joto au baridi yake, unyevu au ukavu wake. Na "yabisi" ni Kiarabu cha "kavu". Safura nayo ilikuwa nyongo ya manjano. Waswahili walimwita hivyo mgonjwa aliyepauka na kuvimba, na baadaye jina likafungamanishwa na minyoo inyonyayo damu. Nadharia ilikufa, maneno yakabaki.

Degedege lilileta hatari kubwa zaidi. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa wazazi wengi hawakulihesabu kuwa malaria. Walilinasibisha na pepo, na mtoto akapelekwa kwanza kwa mganga. Jina lilikwisha kutaja chanzo kabla ya daktari kusema neno.

Bara, tatizo lina sura nyingine. Nkoroi, katika barabara ya Magadi kati ya Ongata Rongai na Kiserian, Kiswahili huwakutanisha Wamaasai na wahamiaji wa makabila mengi. Katika Kimaasai, oltikana ni malaria ya mtu na pia maradhi ya ng'ombe yaletwayo na kupe, ambayo wafugaji Waswahili huyaita ndigana (kufanana kwa majina hayo si bure). Zaidi ya hayo, Wakenya wengi husema "homa" wakikusudia mafua. Muuguzi aulizapo, "Una homa?", aweza kujibiwa habari za kamasi. Afadhali aulize kama mwili unachemka.

Lililochelewa kupata jina ni lile linalosababishwa na dawa yenyewe. Klorokwini, iliyoachwa kuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini Kenya mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, iliwawasha wengi mwili mzima. "Madhara" huwatisha watu wakaacha dawa. "Athari" haisemi kama jambo ni jema au baya. Watanzania wana "maudhi madogo madogo", msemo mzuri kwa kichefuchefu na kizunguzungu. Lakini dawa za salfa zaweza, kwa nadra, kubabua ngozi hata kuua. Hayo si maudhi. Ni madhara, na mgonjwa aambiwe hivyo ili aache dawa na kurudi hospitali upesi.