Ruzuku ya TASAF: inamtegemeza mtu au inamfanya tegemezi?

Siku ya malipo ya TASAF inapokaribia, maneno huwa mengi vijijini. Asiye kwenye orodha huuliza kwa nini jirani yake apewe fedha na yeye akose, wakati wote wanalima ardhi ileile na kuikosa mvua ileile. Wengine husema fedha za bure zinaleta uvivu. Naye mlengwa hulalamika kwamba kiasi ni kidogo na hajui kitakuja lini. Katika makala hii tunaeleza mpango huu unavyofanya kazi, fedha zinatoka wapi, na wajibu wa kila upande ni upi.

Mpango huu ni nini?

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulianzishwa mwaka 2000. Miaka ya mwanzo ulijulikana zaidi kwa kusaidia vijiji kujenga madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2012 ulizinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, Tanzania Bara na Zanzibar, ambao hupeleka fedha kwa kaya yenyewe. Kipindi cha pili cha mpango huo kilizinduliwa Februari 2020.

Katika kipindi cha kwanza, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa, lakini jumla haikuzidi shilingi 38,000 kwa mwezi, na malipo yalifanyika kila baada ya miezi miwili. Sehemu ya nyongeza hiyo ilikuwa na masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki, na wa umri wa shule wahudhurie masomo angalau siku 80 katika kila 100. Kaya isiyotimiza masharti ilikatwa fedha.

Kulikuwa pia na ajira za muda, kama kuchimba malambo, kutengeneza barabara za kijiji na kupanda miti. Mtu alilipwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Jumla yake ni shilingi 138,000. Kazi hizo zilipangwa miezi ya njaa, wakati shamba halina kazi nyingi na ghala ni tupu.

Fedha zinatoka wapi?

Wengi hudhani ni zawadi ya wafadhili. Sehemu ni msaada, lakini sehemu kubwa ni mkopo. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 220 mwaka 2012, na dola milioni 450 mwaka 2019. Mikopo hii ina masharti nafuu na hulipwa kwa miaka mingi, lakini ni lazima ilipwe. Italipwa kwa kodi, na kodi haitoki kwa wafanyabiashara wa mjini peke yao. Ukinunua sabuni au vocha ya simu, umechangia.

Kwa hiyo anayeuliza fedha hizi zinatumikaje haulizi kwa wivu. Ni haki yake, na mlengwa naye ana haki hiyohiyo.

Je, zinaleta uvivu?

Hofu hii ina mizizi. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, tumefundishwa kwamba mtu mzima mwenye nguvu hujitegemea, na anayekula jasho la wenzake ni kupe. Ni mafundisho mazuri. Lakini tupige hesabu kwanza.

Chukua kaya ya watu 6 iliyopata kiwango cha juu kabisa, shilingi 38,000 kwa mwezi. Kila mtu anapata shilingi 6,333, yaani takriban shilingi 211 kwa siku. Hakuna anayeweza kutupa jembe kwa fedha hiyo. Inaweza kununua daftari, au kumwezesha mama asiuze mahindi yake yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa.

Utafiti nao unasema hivyo. Majaribio ya mpango yalianza mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 vilihusishwa: 40 vilianza kupata ruzuku, na 40 vilisubiri ili kulinganisha. Katika vijiji vilivyopata, kaya zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto wadogo waliugua siku chache zaidi, na kaya zilizokuwa maskini zaidi ziliongeza mifugo, hasa mbuzi na kuku. Huyo si mtu aliyekaa kusubiri kulishwa.

Haina maana kwamba hakuna anayetumia vibaya. Yupo anayepeleka fedha kilabuni, na yupo aliyeingizwa kwenye orodha kwa undugu. Mwaka 2016 serikali ilifanya uhakiki, na maelfu ya kaya zisizostahili zikaondolewa. Kila jina lisilostahili linachukua nafasi ya bibi anayelea wajukuu peke yake.

Wajibu ni wa nani?

Kwa maoni yetu, utegemezi hauletwi na shilingi 38,000. Unaletwa na kutojua. Mtu asiyejua fedha itakuja lini hawezi kupanga kununua mbegu, na asiyejua ataondolewa lini huogopa hata kuonyesha kwamba amepata nafuu.

Wajibu wa serikali ni kulipa kwa wakati na kueleza mapema utaratibu wa kuhitimu. Pia, haiwezi kumkata mama fedha kwa kukosa kliniki kama kliniki haina muuguzi.

Wajibu wa kaya ni kutimiza masharti na kuweka akiba, hata shilingi 1,000 kwenye kikundi. Ruzuku itakwisha siku moja, lakini mbuzi aliyenunuliwa kwayo anaweza kuzaa.

Wajibu wa kijiji ni kusema kweli. Majina hupendekezwa kwenye mkutano wa kijiji, kaya hujaziwa dodoso, kisha orodha hurudishwa mkutanoni kuthibitishwa. Ukinyamaza pale, kunung'unika baadaye hakusaidii.

Ufanye nini?

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nenda. Omba orodha ya walengwa isomwe, na uulize malipo yaliyopita yalikuwa ya miezi gani.

Kama umekatwa fedha, muulize kwanza mtendaji wa kijiji au kamati ya TASAF ya kijiji ni sharti gani halikutimizwa. Usiporidhika, nenda kwa mratibu wa TASAF katika halmashauri. Chukua kadi ya kliniki au barua ya mwalimu kama ushahidi.

Kama unalipwa kwa simu, namba ya siri ni yako peke yako. Usimpe wakala wala kiongozi, na usimlipe mtu yeyote anayedai fedha ili akuingize kwenye orodha. Kuingizwa hakulipiwi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tukubaliane pia kwamba anayepewa jembe apewe na mbegu, na aambiwe siku ya kuanza kulima.