Kutoka Matuta ya Lazima hadi Mbolea ya Ruzuku

Gare, katika milima ya Usambara, inajulikana zaidi kwa misheni yake ya Kikatoliki, lakini kila siku watu wake huhangaika na mteremko. Juu hupandwa mahindi na maharage katikati ya migomba. Chini bondeni, penye maji, kuna kabichi, nyanya, karoti na hoho zinazoshushwa Mombo kuelekea Dar es Salaam. Bondeni ndiko mbolea ya dukani inakohitajika zaidi, na ndiko inakotoka ada ya shule. Sera ya ruzuku ipimwe hapo.

Mkono wa kwanza wa serikali katika mashamba ya Usambara haukuja na fedha. Mwaka 1946 wakoloni Waingereza walianzisha mpango wa kuokoa udongo bonde la Mlalo, kisha wakaueneza milimani. Wasambaa walilazimishwa kuchimba matuta bila ujira, na asiyechimba alitozwa faini. Wanawake, ambao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, walipinga waziwazi. Mpango ulikufa mwaka 1957.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Kiwanda cha mbolea kilianza kazi Tanga mwaka 1972, serikali ikaweka bei moja ya mbolea nchi nzima na kubeba sehemu ya gharama. Kisha yakaja masharti ya kurekebisha uchumi. Kiwanda kilifungwa mwaka 1991, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ruzuku ilikuwa imefutwa kabisa. Mkulima mdogo aliachwa sokoni peke yake, na hilo mimi naliona kosa kubwa kuliko yote yaliyofuata.

Ruzuku ilirudi mwaka 2003 kwa kulipia usafirishaji, ikilenga hasa nyanda za juu kusini. Bei ya chakula duniani ilipopanda mwaka 2008 zikaja vocha, baadaye kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kaya iliyochaguliwa na kamati ya vocha ya kijiji ilipata karatasi tatu: moja ya mbegu, moja ya mbolea ya kupandia, DAP au ya Minjingu, na moja ya urea ya kukuzia. Vocha ililipa karibu nusu ya bei. Nusu nyingine ilitoka mfukoni kwa mkulima, pale pale kaunta kwa wakala. Wapo waliokosa nusu hiyo wakaishia kusaini tu na kumwachia wakala vocha kwa fedha kidogo. Kaya zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa kupewa kipaumbele, lakini mjane asiye na akiba angeitoa wapi nusu ya bei mwanzoni mwa msimu?

Tena vocha zile zilikuwa za mahindi na mpunga tu, kwa ekari moja. Kabichi ya bondeni haikuwamo. Mpango ulibuniwa kwa kulijaza ghala la taifa, ukamsahau mkulima ambaye mahindi ni ya chakula na mboga ndiyo mshahara wake.

Agosti 8, 2022, kwenye Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku nyingine. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepaisha bei, mfuko wa kilo 50 wa DAP ukivuka shilingi 130,000. Serikali ikatenga bilioni 150 na kuushusha hadi 70,000. Mkulima alijiandikisha kijijini, akapewa namba kwenye simu, na hakubanwa tena na mahindi na mpunga. Hiyo ni hatua ya haki. Lakini msimu ule wakulima wengi nchini walilalamikia foleni na umbali wa mawakala.

Kwa Usambara kuna deni jingine. Kuanzia mwaka 1981 mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP, kwa msaada wa Wajerumani, ulihimiza majani ya guatemala kwenye matuta ya kontua, miti shambani na ng'ombe wa kufugwa bandani. Pasipo kinga hizo mvua ya masika huzoa urea pamoja na udongo. Wizara ikiandaa bajeti ya mbolea, itenge pia fungu la kumlipa mkulima wa milimani kwa kontua anazochimba na kuzitunza, kazi ileile ambayo bibi zake walilazimishwa kuifanya bure.